Saza, Gombolola, Muluka: Serikali Iliyopandishwa Mlima Masaba

  

Ukiwa mjini Mbale, popote uliposimama, Wanale inakutazama. Genge lile refu, na maporomoko yake ya maji wakati wa mvua, limeona watawala wengi wakija na kuondoka. Leo nataka tuzungumze juu ya utawala mmoja ulioletwa mguuni pake zaidi ya miaka 120 iliyopita, ambao kwa maoni yangu haujaondoka mpaka sasa. Waliouleta wamekwisha kufa wote. Ofisi zao tunazo.

Mtu wa huku akienda kutafuta barua ya kuthibitisha makazi, au ana kesi ya mpaka wa shamba, anasema anakwenda gombolola. Akitaka kueleza anakotoka, anataja muluka wake. Wazee bado wanahesabu nchi kwa masaza. Ngazi hizi tatu ni za ufalme wa Buganda. Ndivyo Kabaka, mfalme wa huko, alivyogawa nchi yake na watu wake chini ya machifu wake. Katika milima ya Masaba hazikuwapo. Zilikuja na bunduki, zikaja na kodi, zikaja na mtu mmoja ambaye jina lake halikwepeki katika mji huu: Semei Kakungulu.

Kabla ya kumfikia, tutazame alikuta nini. Wamasaba, ambao serikali ya wakoloni iliwaandika Bagisu, waliishi kwa koo, kila ukoo na mgongo wake wa mlima, mabonde yakiwa mipaka. Hawakuwa na mfalme. Mambo ya ardhi, mahari, damu na mifugo yalikatwa na wazee wa ukoo, na mwanamume hakuhesabiwa mwanamume mpaka asimame imbalu, yaani tohara, mbele ya watu wake. Sisemi palikuwa peponi. Koo jirani zilipigana, watu waliibiana ng'ombe, na mwenye uadui na bonde la pili hakuthubutu kulivuka peke yake. Lakini kila mtu alimjua mzee aliyekata kesi yake, na alijua mzee huyo analala wapi. Akionea, wanawe na wapwa zake ndio waliokaa naye karibu na moto, nao walikuwa na midomo.

Waingereza walipofika hawakuona mfalme, wakaandika kwamba hapa hakuna serikali. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Busoga palikuwa tofauti. Huko watawala walikuwapo, tena wengi: wa Bulamogi, Bugabula, Kigulu, Luuka, Bukooli na wengineo, kila mmoja na himaya yake ndogo. Chifu Luba wa Busoga ndiye aliyemshika Askofu Hannington mwaka 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, na askofu akauawa huko. Ngome iliyokuwa kwenye eneo la Luba huyo huyo ndiyo waliyoishika askari wa Kisudani walipoasi mwaka 1897. Kwa hiyo Waingereza walipoitazama Mashariki ya Uganda waliona nchi ya hatari, yenye wakuu wengi mno upande mmoja, na isiyo na mkuu hata mmoja upande wa pili. Maofisa wao walikuwa wachache, na wakubwa wa London hawakutaka kutoa hela. Wakatafuta mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Kakungulu alizaliwa Kooki, akakulia katika utumishi wa Buganda, akapanda katika vita vya dini mpaka akawa jemadari wa Waprotestanti mwenye sifa kuliko wote. Mshindani wake mkubwa alikuwa Apolo Kagwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, na kwa kuwa Kagwa alishinda mbio za cheo mjini Mengo, Kakungulu alihitaji nchi nyingine. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa katika jeshi lililowakamata Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro huko Lango, wafalme wawili kwa mpigo. Waingereza wakawapeleka Shelisheli. Baada ya kazi kama hiyo nani angemnyima ruhusa ya kuelekea mashariki?

Akaja na wafuasi wake Waganda, na bunduki, na mbegu za migomba. Kila alipofika alijenga ngome, akaacha mtu wake, akasonga mbele. Mwaka 1901 makao yake yalikuwa Budaka, na aliamini kabisa kwamba Sir Harry Johnston, aliyetia saini Mkataba wa Buganda tarehe 10 Machi 1900, alikuwa amemwahidi ufalme: Kabaka wa Bukedi. Mwaka uliofuata Waingereza walimwondoa Budaka. Nchi aliyoiteka wakaichukua, wakampa maili za mraba 20 karibu na Wanale, kwenye ardhi ya chini ambayo Wamasaba wa mlimani na majirani zao wa tambarare hawakuikalia sana. Hapo ndipo Mbale ilipoanza.

Na ilianza kwa kasi. Ndani ya miaka michache palikuwa na soko, na barabara, na migomba, na wafanyabiashara Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wagiriki. Misafara ya pembe za ndovu iliyoelekea Karamoja ilipita hapa kununua chakula. Kiswahili hiki ninachozungumza nanyi kilikuwa kinasikika katika soko la Mbale kabla ya mkuu wa wilaya (DC) wa kwanza kupata nyumba ya bati. Serikali ya Uingereza ilipoona mji umesimama, ikahamishia boma lake kwenye mji huo. Yaani mtu alifukuzwa Budaka akajenga tena, na waliomfukuza wakamfuata mpaka mlangoni.

Sasa tuingie ndani ya gombolola lenyewe, tulitazame kwa karibu, kwa sababu historia hii ikibaki juu juu kwenye majina ya wakubwa haitufai. Wakala wa Kiganda aliwekwa kwenye mgongo wa mlima ambao hajui koo zake. Ana ua wa matete, ana baraza la kusikilizia kesi, ana askari wachache, ana daftari. Daftari limeandikwa Kiganda. Kesi inasikilizwa kwa Kiganda, na mlalamikaji anayejua Kimasaba peke yake inambidi apate wa kumsemea. Kanisani nako, Biblia na mafundisho ni Kiganda. Mmishonari J. B. Purvis, aliyekaa huku miaka ile, alitunga kitabu cha sarufi ya Kimasaba kilichochapishwa mwaka 1907, na namheshimu kwa hilo, lakini kwenye daftari la kodi Kiganda ndicho kilichotawala.

Kodi ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Mzee wa Bulucheke au Buwalasi angeipata wapi rupia? Hakuna aliyemnunulia ndizi kwa rupia. Basi alilipa kwa kazi: kubeba mizigo, kulima barabara, kujenga nyumba za wakubwa. Baadaye ikaja kasanvu, kazi ya lazima kwa serikali, iliyoanza mwaka 1909 na haikufutwa mpaka 1922. Na juu ya hiyo palikuwa na luwalo, siku za kumfanyia kazi chifu na nchi bila malipo. Kisha pamba. Mbegu ziliingia Uganda mwanzoni mwa karne ile, na machifu wakaagizwa wahakikishe kila mwenye nyumba analima. Hakuna aliyeuliza kama shamba lako ni la pamba au la wimbi la watoto.

Ifuate pamba hiyo uone jinsi serikali ile ilivyofungamana. Inachumwa tambarare za Bukedi na Teso. Inabebwa kichwani mpaka bandari za Ziwa Kyoga. Meli inaivusha mpaka Namasagali. Kutoka Namasagali, tangu mwaka 1912, kuna reli mpaka Jinja. Jinja inapakiwa tena melini kuvuka ziwa Nyanza mpaka Kisumu, kisha reli ya Mombasa, kisha bahari. Katika safari yote hiyo, mtu pekee ambaye mkulima alimwona kwa macho ni yule chifu wa muluka aliyekuja asubuhi kuuliza kwa nini mistari ya pamba haijanyooka. Gavana kwake alikuwa ni jina tu. Chifu ndiye aliyekuwa serikali.

Na chifu huyo alimjibu nani? Hapa ndipo penye shida yote ninayotaka tuione. Wakala hakuchaguliwa na ukoo, hakuoa katika ukoo, hangezikwa na ukoo. Cheo chake kilitoka kwa Kakungulu, na cha Kakungulu kilitoka kwa Mwingereza. Kodi ikipungua atafukuzwa. Watu wakiumia hatafukuzwa. Mtu yeyote, hata mwenye moyo mzuri, ukimweka katika nafasi hiyo atatazama juu. Waganda wale hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Wengi walikuwa vijana waliosoma, waliofundisha watu kusoma, waliopanda miti na kuchimba barabara ambazo malori ya kahawa yanapita leo. Na wengine walikuwa wakatili kweli kweli. Ila mfumo uliwataka wote wawe kitu kimoja, na kitu hicho hakikuwa mzee wa ukoo.

Watu walikataa. Katika miaka ile ya mwanzo vikosi vilitumwa zaidi ya mara moja kuwapiga Wamasaba wa mlimani, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Wengine walipanda juu zaidi, kule ambako mtoza kodi anachoka kabla ya kufika. Ndugu zao Wabukusu walikuwa wamekwisha kupigana na majeshi ya ofisa Mwingereza Hobley mwaka 1895, Lumboka na Chetambe, na damu iliyomwagika Chetambe haijasahaulika. Mwaka 1902 jimbo lote la mashariki la Uganda ya wakati ule likahamishwa kwa karatasi na kutiwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Wamasaba na Wabukusu wakaamka katika himaya mbili. Imbalu haikujua habari hiyo. Miaka yenye namba shufwa ikifika, vijana wanatahiriwa pande zote mbili za mlima kama zamani, na wajomba wanavuka mto wa mpakani, Lwakhakha, na kuku wao mkononi, leo wakiulizwa kitambulisho.

Kakungulu mwenyewe hakuupata ufalme. Mwaka 1906 walimhamishia Jinja, wakamfanya rais wa Lukiiko, yaani baraza, la Busoga. Aliingia Busoga iliyojeruhiwa, maana ugonjwa wa malale ulikuwa unafagia pwani ya ziwa. Inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Buganda na Busoga, na Hesketh Bell, kiongozi wa serikali wakati huo, akaamuru wakazi wahamishwe kutoka ufukweni. Vijiji vyenye makaburi ya mababu vikawa pori. Katika hali hiyo watawala wengi wa Kisoga walikusanywa chini ya baraza moja, kwa sura ya Kiganda, na Mganda kwenye kiti. Alikaa mpaka 1913. Wasoga walikipokea kiti chenyewe na kukifanya chao: Ezekiel Tenywa Wako, mtoto wa Bulamogi, akawa rais wa baraza mwaka 1919, na mwaka 1939 akawa Isebantu Kyabazinga, mtawala wa Busoga yote. Nawasifu Wasoga kwa hilo. Walichukua chombo kilichotengenezwa kwa faida ya wengine, wakakipa ukoo, ngoma na heshima. Hata hivyo, kila Kyabazinga anapofariki na ubishi wa kumrithi ukaanza, tukumbuke kwamba umoja ule ulishonwa haraka, na mishono mingine inaonekana.

Kakungulu alirudi Mbale akiwa mtu aliyekata tamaa na Waingereza. Akajiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akaachana nao pia, akatahiriwa yeye na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambayo mpaka leo ipo Nabugoye, kilima kisicho mbali na mji. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Watu huniuliza kama ni shujaa au msaliti. Mimi naona alikuwa mjenzi hodari aliyejenga kwa mikono ya watu wengine bila kuwauliza, kisha akafanyiwa hivyo hivyo na wakubwa wake. Mji wa Mbale ni kazi yake. Maumivu ya gombolola la kwanza nayo ni kazi yake. Sioni sababu ya kuficha moja ili kulinda nyingine.

Niseme neno juu ya lugha, kwa kuwa tunazungumza Kiswahili. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, maaskofu wakapinga, wengi wakihofia kwamba nyuma ya Kiswahili kuna Kenya na walowezi wake wenye njaa ya ardhi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini matokeo yake huku mashariki ni kwamba Kiganda kiliendelea kushika daftari, na mwananchi wa Bubulo akaendelea kutawaliwa kwa lugha ya kuazima.

Mawakala wa Kiganda waliondolewa polepole, na kufikia miaka ya 1930 machifu wengi walikuwa wazaliwa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kwa bahati mbaya kilichobadilika ni mtu tu. Ua ulikuwa ule ule, baraza lile lile, daftari lile lile, na chifu Mgisu aliyefundishwa kazi na Mganda alimjibu DC kama Mganda alivyomjibu. Huku juu mlimani kahawa ya arabika ilikuwa imekwisha kushika, na kahawa ndiyo iliyowapa watu chombo chao cha kwanza ambacho kiongozi wake anawajibu wakulima: vyama vya ushirika, vilivyounganishwa katika Bugisu Co-operative Union mwaka 1954. BCU tunaijua kwa mema na kwa mabaya yake. Lakini mzee aliyepiga kura kwenye mkutano wa chama chake cha msingi, akamwondoa katibu aliyekula fedha za kahawa, alikuwa ameonja kitu ambacho gombolola halikumpa kamwe.

 Mwaka huo huo wa 1954 Bugisu ikatengwa na Bukedi ikawa wilaya yake. Swali likazuka: Mbale ni ya nani? Mji ulikuwa makao ya wilaya zote mbili, umesimama kwenye ukingo wa mlima na tambarare, kwenye ardhi ambayo Kakungulu alipewa na watu ambao hawakuwa wenyewe. Kila upande ulikuwa na wazee wa kutoa ushahidi. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, katiba ilitaja falme, ikataja wilaya, kisha ikataja peke yake Eneo la Mbale, lisilo la Bugisu wala la Bukedi. Mji mmoja, kati ya miji yote ya nchi, ukaingia katika uhuru bila kwao. Baadaye Bukedi ilipata makao Tororo, na Mbale ikabaki kwa Wagisu. Tangu Julai 2020 ni jiji, kama Jinja.

Lakini mwaka ninaotaka uukumbuke zaidi ni 1960. Mwezi wa Januari, ghasia zilizuka Bukedi zikafika Bugisu. Sababu ilikuwa kodi ya kichwa, ile iliyokadiriwa kulingana na mali ya mtu, na waliokadiria walikuwa machifu. Jirani mwenye mbuzi wawili anaandikiwa kama mwenye ng'ombe kumi, kwa kuwa hakupeleka kitu nyumbani kwa mkubwa. Wananchi walikwenda wapi na hasira yao? Hawakwenda Entebbe kwa gavana. Walikwenda kwa machifu wao wenyewe, watoto wa nyumbani, wakachoma nyumba zao. Tume iliundwa kuchunguza. Kwangu mimi moto ule ulikuwa ushahidi tosha: miaka 60 baada ya Kakungulu kupita Budaka, mtu wa gombolola alikuwa bado mgeni kwa watu aliozaliwa nao.

Kodi ile iliishi baada ya uhuru. Wengi mnaonisikiliza mnaikumbuka bila kusimuliwa: alfajiri, askari wa gombolola njiani, wanaume wakikimbilia migombani na mabondeni, mama amesimama mlangoni akisema baba hayupo tangu juzi, na mwenye tiketi ya kodi ameifunga kwenye nailoni akiitembeza mfukoni mwaka mzima isije ikalowa. Ilisimamishwa mwaka 2005, na sijakutana na mtu wa kijijini aliyeililia.

Lakini tazama kilichofuata. Kodi hiyo, pamoja na uchungu wake wote, ndiyo iliyokuwa fedha ya gombolola lenyewe. Ilipoondoka, gombolola likawa linategemea ruzuku ya Kampala kwa sehemu kubwa ya bajeti yake, na ruzuku inakuja na maelekezo ya jinsi ya kuitumia. Mwaka huo huo wa 2005 katiba ilirekebishwa, na ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, CAO, bosi wa machifu wote wa gombolola, akaacha kuajiriwa na wilaya akawa anateuliwa na serikali kuu. Mwenyekiti wa LC3, baraza la gombolola, tunamchagua kwa kura, na tunaweza kumnyima kura. Mweka saini wa hundi hatumchagui. Daraja la Bududa likisombwa na maji, mwenyekiti ndiye tunayemkuta barazani, tunampigia kelele, naye anatwambia kwa haki kabisa kwamba ameandika barua na anasubiri jibu kutoka juu.